Mdahalo, Mabishano na Majadiliano: Mwongozo Kamili wa Kutambua Uko Katika Lipi na Ufanye Nini

Miaka michache iliyopita, wakazi wa korti yetu, yaani nyumba zenye lango moja, huku Eastlands, Nairobi, tulikutana Jumapili alasiri kuamua iwapo lango kuu lifungwe saa nne usiku. Pikipiki mbili zilikuwa zimeibwa katika muda wa mwezi mmoja, na kila mtu alikuwa na lake la kusema. Kwa kuwa nimekuwa mlezi wa chama cha mdahalo katika shule ya upili kwa muda mrefu, nilipewa uenyekiti, nami nikafanya nilichokizoea: niliwagawa watu pande mbili, nikampa kila msemaji dakika tatu, kisha tukapiga kura. Waliotaka lango lifungwe walishinda. Mwezi uliofuata, nyumba sita za upande ulioshindwa zilikataa kulipa mchango wa mlinzi, na jirani mmoja, muuguzi wa zamu ya usiku, akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Mwalimu, siku ile hukutuuliza kitu. Ulitushindanisha tu."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeendesha mdahalo mahali palipohitaji majadiliano, na matokeo yake yakawa mabishano ya ngazini na kwenye foleni ya maji yaliyodumu karibu nusu mwaka. Mwongozo huu umetokana na kosa hilo, na umekusudiwa yeyote anayeongoza kikao, awe mwalimu, katibu wa chama cha akiba, kiongozi wa vijana kanisani au msikitini, au mzazi mwenye watoto waliofikia umri wa kupinga kila kauli.

Maneno yenyewe yanatufundisha nini

Kabla ya hatua zenyewe, inafaa tuyasikilize maneno tunayoyatumia, kwa maana sarufi ya Kiswahili imekwisha kutufanyia nusu ya kazi. Kitenzi "kujadili" hubeba kitu moja kwa moja: tunajadili bei, tunajadili mswada, tunajadili tabia ya mtoto. Jambo ndilo linaloshughulikiwa, na watu wamelizunguka. "Kubishana" hakukubali hivyo; hatusemi tunabishana bei, tunasema tunabishana kuhusu bei, kwa sababu kiambishi "-ana" kinaonyesha kwamba wanaoshughulikiana ni watu wawili, na bei imesukumwa pembeni. "Mdahalo" nao ni nomino isiyo na kitenzi kinachotumika kila siku. Mdahalo huandaliwa, huitishwa, huendeshwa. Hautokei wenyewe njiani kama ubishi unavyotokea.

Neno "mjadala" lina utata kidogo nchini Kenya. Shuleni wanafunzi wengi huliita mjadala lile shindano la waunga hoja na wapinga hoja, ilhali redioni "mjadala" huwa mazungumzo yoyote yenye watu zaidi ya wawili. Katika mwongozo huu, shindano lenye pande mbili nitaliita mdahalo, na mazungumzo ya kutafuta jibu kwa pamoja nitayaita majadiliano. "Hoja", kwa upande wake, ni kauli iliyoshikiliwa na sababu, na ina nafasi katika yote matatu. Mtu anayetoa hoja hajaanza ugomvi, ingawa wako watu wazima wasiotofautisha mambo hayo mawili, na huenda mmoja wao ni mwajiri wako.

Hatua ya kwanza: jua ni nani atakayeamua

Watu wengi hudhani kwamba kinachotofautisha mambo haya matatu ni ukali wa sauti. Nimeshuhudia midahalo iliyopamba moto ambayo washiriki wake walitoka wakicheka, na nimeshuhudia mabishano ya mume na mke yaliyofanywa kwa sauti ya chini kabisa, watoto wasiamke, yakavunja nyumba. Kipimo ninachokiamini ni kimoja: ni nani mwenye uamuzi mwishoni?

Katika mdahalo, mwamuzi ni mtu wa tatu. Huzungumzi ili mpinzani wako abadili mawazo. Huenda hata yeye haamini upande aliopangiwa. Unamzungumzia jaji, hadhira au mpiga kura. Ndiyo maana mbunge wa Kenya akisimama ukumbini huelekeza maneno yake kwa Spika, hata anapomjibu mwenzake aliyeketi hatua tatu mbele yake. Desturi hiyo huonekana kama adabu tupu, lakini kazi yake ni kuukata ule mshipa wa "-ana", ili wabunge wawili wasishughulikiane wao kwa wao.

Katika mabishano, mwamuzi unayemtaka ni huyo huyo unayebishana naye. Unataka akubali kwamba amekosa, akubali mbele yako, na ikiwezekana akubali sasa hivi. Hiyo ndiyo sababu mabishano hayana mwisho: umemfanya mshtakiwa kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe.

Katika majadiliano, waamuzi ni nyote mlioketi, na mnachokiamua bado hakijulikani mnapoanza. Ukiingia kikaoni ukiwa na jibu mfukoni na ukaita kikao hicho majadiliano, watu watanusa hila hiyo kabla chai haijamiminwa.

Basi kabla ya kufungua kinywa, jiulize swali hilo. Ikiwa huwezi kumtaja mwamuzi, kuna uwezekano mkubwa kwamba umo katika mabishano tayari.

Hatua ya pili: andika jambo lenyewe kwa umbo linalolifaa

Mdahalo huhitaji mada iliyoandikwa kama kauli kamili inayoweza kuungwa mkono au kupingwa: "Lango lifungwe saa nne usiku." Majadiliano huhitaji swali lililo wazi: "Tufanye nini ili mali isiibwe usiku?" Tofauti ya maandishi haya mawili ni ndogo kwenye karatasi, lakini ni kubwa katika akili za watu. Kauli huwalazimisha wachague upande hata kabla hawajafikiri, na mtu akishachagua upande mbele ya majirani, kurudi nyuma humgharimu heshima. Swali humwacha kila mtu huru kusema analolijua.

Mabishano kwa kawaida hayana mada iliyoandikwa. Huanzia katikati, mara nyingi kwa maneno "wewe kila siku" au "nyinyi ndivyo mlivyo". Njia ya haraka ya kuyapunguza makali ni kumwomba mwenzako mwandike kwa sentensi moja jambo mnalotofautiana. Mara kadhaa nimeona watu wakishindwa kuiandika sentensi hiyo, wakatazamana kwa haya, na ubishi ukafia hapo.

Hatua ya tatu: ukiamua ni mdahalo, uandae kikamilifu

Mdahalo una thamani yake, na sikubaliani na wale wanaouona kama mchezo wa kuwafundisha watoto kusema uongo kwa ufasaha. Mwanafunzi anayepangiwa kutetea upande asioupenda hulazimika kuzitafuta sababu bora za watu anaowadharau, na hilo ni zoezi ambalo watu wazima wachache hulifanya kwa hiari. Lakini mdahalo unahitaji vyombo vyake: mwenyekiti asiyeegemea upande wowote, katibu, mtunza muda, majaji au wapiga kura, na idadi sawa ya wasemaji kila upande.

Muda ndio sheria ya kwanza. Wanasiasa Abraham Lincoln na Stephen Douglas walipokabiliana mara saba katika jimbo la Illinois nchini Marekani mwaka 1858, msemaji wa kwanza alipewa dakika 60, mpinzani wake dakika 90, kisha yule wa kwanza akarudi kwa dakika 30. Jumla ya kila mmoja ikawa sawa. Katika mtindo wa Bunge la Uingereza unaotumiwa na vyuo vikuu vingi, zikiwamo timu za hapa Nairobi, huwa kuna timu nne za watu wawili wawili, na kila msemaji hupata dakika saba. Kwa wanafunzi wa shule ya upili ninapendekeza dakika nne, na kwa kidato cha kwanza tatu zinatosha, kwa kuwa dakika ya nne huishia katika salamu kwa "katibu asiyepitwa na neno".

Sheria ya pili ni mzigo wa kuthibitisha. Anayetaka hali ibadilike ndiye anayepaswa kutoa sababu kwanza. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 107, ina wazo la jinsi hiyo: anayetaka mahakama imwamulie kwa kutegemea mambo fulani ndiye anayepaswa kuyathibitisha mambo hayo. Mpinzani hahitaji kuthibitisha kwamba hali iliyopo ni njema. Anahitaji tu kuonyesha kwamba mwenzake hajaithibitisha kauli yake.

Kisha kuna ujenzi wa hoja yenyewe, na hapa ndipo wanafunzi wangu hutumia muda mwingi. Chukua mada kwamba boda boda zisiruhusiwe katikati ya jiji. Mwanafunzi anayeanza husema, "Boda boda ni hatari," akaketi akiamini amemaliza. Hilo ni dai tu. Mfundishe aongeze sababu: barabara zinapoziba kati ya Tom Mboya na River Road hapa Nairobi, pikipiki hupanda njia ya wapita kwa miguu, mahali ambapo mtu hatazamii chombo nyuma yake. Kisha adai ushahidi kutoka kwake mwenyewe: je, amesimama hapo akahesabu pikipiki ngapi zilipanda njia hiyo kwa saa moja? Mwisho apime uzito, yaani aeleze kwa nini usalama wa mtembea kwa miguu unapita riziki ya kijana mwenye pikipiki ya mkopo, kwa sababu mpinzani wake hakika atamleta kijana huyo. Hoja isiyopimwa uzito huanguka mara tu upande wa pili unapotaja jambo jingine jema.

Mdahalo pia hauwezi kufanywa na upande mmoja. Tarehe 11 Februari 2013, katika mdahalo wa kwanza wa urais nchini Kenya, wagombea wote wanane walisimama jukwaani hapa Nairobi. Mwaka 2017 Raila Odinga alisimama peke yake kwa kuwa Uhuru Kenyatta hakufika, na mwaka 2022 ikawa zamu ya William Ruto kujibu maswali akiwa pekee, Raila Odinga akiwa amesusia. Matangazo yaliendelea kuitwa mdahalo, lakini tulichokitazama miaka hiyo miwili kilikuwa mahojiano. Upande mmoja ukikosekana kwenye kikao chako, badilisha jina la kikao au uahirishe, kwa maana kura inayopigwa baada ya kusikia upande mmoja haina nguvu ya kumfunga aliyekosekana.

Hatua ya nne: ukiamua ni majadiliano, badilisha hata mpangilio wa viti

Jambo dogo lakini la lazima: viti vinavyotazamana kwa safu mbili huwafanya watu wawe timu. Panga duara. Mwenyekiti asianze kwa kutoa maoni yake, kwa sababu watakaofuata watayaunga mkono kwa adabu au kuyapinga kwa ukaidi, na katika hali zote mbili hutajua walikuwa na nini moyoni. Anza na wale wasiozoea kusema. Katika vikao vyetu, wazee na wenye nyumba husema kwanza, wapangaji hufuata, na vijana hubaki wakiitikia kwa kichwa, kwa hiyo ukitaka kusikia la kijana, mwombe mzee ruhusa waziwazi: "Mzee wetu, naomba utuvumilie kidogo tuwasikie vijana, kisha utufungie." Sijawahi kumwona mzee aliyekataa ombi la namna hiyo, kwa kuwa limemhifadhia nafasi ya mwisho, ambayo kwetu ni ya heshima.

Kila mtu anapomaliza, anayefuata aseme kwanza kile alichokielewa kutoka kwa mwenzake kabla ya kuleta chake. "Nimekuelewa kwamba hukatai lango kufungwa, unahofia kubaki nje ukitoka kazini." Zoezi hili huchosha mwanzoni, na watu hulicheka, lakini ndilo linalofichua kwamba nusu ya tofauti zilitokana na kutosikia.

Tenga muda wa kukusanya habari na muda wa kutoa mapendekezo, na usiruhusu la pili kuingia kabla la kwanza halijakwisha. Katika kikao chetu cha pili kuhusu lango, ambacho niliitisha baada ya kumwomba radhi muuguzi yule, tulitumia saa nzima kuuliza tu: pikipiki ziliibwa lini, zilikuwa zimeegeshwa wapi, nani aliona nini. Ilibainika kwamba zote mbili ziliibwa karibu saa kumi na moja alfajiri, baada ya dereva wa matatu anayeishi nyumba za nyuma kutoka na kuliacha lango likiwa limerudishwa tu bila kufungwa, wakati mlinzi alikuwa amekwenda kuchemsha chai. Kufunga saa nne usiku kusingezuia lolote. Katika mdahalo ule wa kwanza hakuna aliyelitaja jambo hilo, kwa kuwa halikuusaidia upande wowote kushinda.

Bunge nalo lina sura hizi mbili. Ukumbini kuna mdahalo, lakini katika kamati wabunge huketi mezani, huwahoji wataalamu na hupokea maoni ya wananchi, na Kifungu cha 118 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalitaka Bunge kuwezesha ushiriki wa umma katika kazi zake na za kamati zake. Raia anayekwenda kutoa maoni kwenye kamati akiwa amejiandaa kama mwanamdahalo, kwa kejeli na makofi, hupoteza nafasi yake. Apeleke habari ambayo kamati haina.

Hatua ya tano: ukijikuta katika mabishano, tambua ni ya aina gani

Nenda Bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, ile iliyofunguliwa mwaka 1906 kwa hisani ya mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, ambako wananchi hukusanyika kuzungumza siasa hata wakajiita Bunge la Mwananchi. Niliwahi kuwasikiliza hapo wazee wawili wakibishania reli. Mmoja alishikilia kwamba ilifika mwaka 1899, mwingine akaapa ni 1901, na kila mmoja alikuwa na mashabiki wake. Wote wawili walisema kweli: reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na ikafika Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901. Hakuna aliyeuliza, "Ilifika wapi?" Mabishano mengi ni ya namna hii, ya neno moja lenye maana mbili, na tiba yake ni kumwomba mwenzako afafanue neno hilo kabla ya kulipinga.

Yako mabishano ya jambo linaloweza kupimwa, kama vile umbali au bei ya jana. Haya hayastahili pumzi. Pima, au nenda ukaulize.

Aina iliyo nzito ni ile ambayo kinachotajwa sicho kinachouma. Katika ploti za kupanga, akina mama wawili wakibishana kuhusu zamu ya kuosha ngazi, mara nyingi ngazi haina habari. Mmoja alikopesha unga ambao haukurudishwa, au hakualikwa kwenye sherehe ya mtoto. Ukileta ratiba ya kuosha ngazi utakuwa umetibu kidole cha mtu anayeumwa jino. Katika hali hiyo acha kabisa kutoa hoja, hata kama unazo nzuri, uliza, "Mama, kuna jambo nililokukosea?" kisha nyamaza mpaka upate jibu. Kunyamaza huko ni kugumu, na mimi mwenyewe hushindwa mara nyingi kuliko ninavyofaulu.

Ikiwa unayebishana naye amekuzidi umri, usifungue kwa "hapana" wala "si kweli". Sema, "Mzee, nimekusikia, naomba uniruhusu niulize jambo moja." Swali lililoulizwa vizuri hubeba upinzani wote unaouhitaji bila kumvunjia mtu heshima. Ukiwa na hakika kwamba amekosea, usimsahihishe mbele ya watoto wake au wateja wake, msubiri pembeni.

Angalia pia alama za hatari: sauti kupanda ni ndogo, lakini mtu anapoacha kutaja jambo na kuanza kutaja kabila, ukoo, mshahara au ndoa ya mwenzake, mabishano yamekuwa ugomvi. Hapo ondoka, ukisema utarudi lini. Kuondoka bila kutaja siku ya kurudi huonekana kama dharau.

Hatua ya sita: jifunze kuhama kutoka kimoja hadi kingine

Mpangilio ninaoufuata sasa ni majadiliano kwanza, mdahalo baadaye ikiwa bado kuna njia mbili ambazo watu wa akili timamu wanatofautiana, na kura mwisho kabisa. Kuhama kutangazwe kwa maneno: "Mpaka hapa tumejadiliana, sasa tuna mapendekezo mawili, tutawasikiza watetezi wa kila moja kwa dakika tano kisha tupige kura." Watu wakijua wameingia wapi, hawachukulii maneno makali ya mdahalo kuwa chuki.

Usiyahamishe mabishano moja kwa moja hadi kwenye mdahalo. Watu waliokasirikiana ukiwapa jukwaa, majaji na mtunza muda, utakuwa umeupa ugomvi wao hadhira. Wala usiendeshe lolote kati ya haya matatu katika kundi la WhatsApp la mtaa, ambako mtu hujibu saa sita usiku kauli iliyoandikwa asubuhi na mwenzake aliyekwisha tulia. Tumia kundi hilo kutangaza siku ya kikao tu.

Hatua ya saba: andika kilichoamuliwa kabla watu hawajasimama

Katibu asome kumbukumbu kwa sauti: nini kimekubaliwa, nani atafanya nini, kufikia tarehe gani, na waliopinga walisema nini. Hilo la mwisho husahaulika. Kumbukumbu zetu za kikao cha pili zinasema kwamba dereva wa matatu atapewa ufunguo wake, atafunga lango nyuma yake kila alfajiri, mlinzi atapelekewa chupa ya chai saa kumi na nusu na nyumba iliyo karibu na lango, na kwamba wakazi wawili bado wanaona lango lifungwe saa nne, na maoni yao yatazingatiwa tena baada ya miezi mitatu. Nyumba zote sita zililipa mchango wa mlinzi mwezi huo, moja kwa kuchelewa.